Mpaka Wageni Waondoke

Mwezi uliopita Annegret alikuja chumbani kwangu hapa Najma, Doha, akapanda ngazi za ghorofa tatu bila kupumzika na umri wake ule, akaketi kwenye kitanda cha Zuhura, ninayekaa naye, kwa sababu kiti nilicho nacho ni kimoja na kilikuwa kimejaa nguo za kupigwa pasi. Alikuwa anatoka Ujerumani kwenda Tanzania, milima ya Usambara, na ndege yake ya pili ilikuwa imebakiza saa tisa kuondoka. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka kumi na mitatu. Nywele zimekuwa nyeupe pe, lakini mikono ni ile ile, mikubwa, ya watu waliolima hata kama yeye mwenyewe hajawahi kushika jembe. Hakutaka chai. Akatoa karatasi mkobani akanipa. "Damaris, naenda kuweka jiwe shambani kwa babu," akasema, kwa kile Kiingereza chake kilichonyooka. "Nisomee kama Kiswahili chake ni sahihi, nisije nikachekwa." Nikavaa miwani. Ilikuwa imeandikwa: KWA KUMBUKUMBU YA MWANAIDI, YAYA WETU, ALIYETUPENDA KULIKO WATOTO WAKE. Kiswahili kilikuwa sahihi. Hakikuwa na kosa hata la herufi moja. Na maneno yale, Mungu anisamehe, yalikuwa yangu mimi.

Habari za wazazi wangu na za kwetu Taveta nitaziacha, maana nikianza huko sitafika. Ninachotaka kusema ni mwaka mmoja tu, ule niliomtunza mamake Annegret katika nyumba ya ghorofa ya kumi na moja kule The Pearl, kisiwa cha matajiri, nikiwa na miaka thelathini na miwili na nikijiona mjanja. Siku hizi nahudumia wazee wa familia nyingine kule Lusail, na kila asubuhi gari linaponipeleka napita nikitazama yale majengo, nakumbuka kwamba wakati ule palikuwa mchanga na kreni, na Annegret alikuwa mmoja wa mainjinia waliokuwa wakipima mchanga huo. Alikuwa mjane, hana mtoto. Mama yake, Bibi Hanna, alikuwa amebaki peke yake Ujerumani na akili zimeanza kumtoka, kwa hiyo akamleta akae naye. Akamwajiri muuguzi wa kwanza, akaondoka. Wa pili akaondoka. Bibi alikuwa amesahau Kijerumani. Amekisema miaka sabini, akakisahau chote, akabaki na lugha ya utotoni mwake, ambayo binti yake mwenyewe hakuijua hata salamu.

Sikuajiriwa kwa sababu ya cheti, basi. Niliajiriwa mlangoni. Nilipofika kufanyiwa usaili, Bibi alikuwa ameketi ukumbini, mwembamba, na shali mabegani katika joto lile, akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni, akasema, "Umechelewa. Maji yamepoa." Kiswahili kisafi kabisa! Mimi nilikuwa na wiki mbili tu Doha, nimechoka kuongea kwa vidole na watu madukani, nikamjibu bila kufikiri, "Nisamehe, Bibi, njia ilikuwa mbaya." Akatikisa kichwa akaridhika. "Njia ya mlimani huwa mbaya mvua ikinyesha," akasema. Annegret alikuwa amesimama nyuma yangu na kalamu mkononi, akaanza kulia. Alikuwa hajamsikia mama yake akijibizana na mtu kwa miezi mitatu. Usaili ukaishia hapo.

Nyumba ile ilikuwa na chumba cha kulia ambacho hakuna aliyekula humo. Ukutani, kuanzia kona hadi dirishani, Annegret alikuwa amebandika karatasi moja ndefu, amechora ukoo wao wote kama mti, na meza ilijaa picha na barua kuukuu. Mwaka ule alikuwa anaandika kitabu cha familia, na kila Jumamosi alinisomesha ule ukuta mpaka nikaujua kuliko ukoo wangu. Juu kabisa alikuwa Gottfried, aliyekuja Usambara enzi za Wajerumani na mke mmoja na miche ya kahawa. Vita vya kwanza vikamng'oa, Waingereza wakachukua shamba, akafa kwao akililia mlima. Mwanawe Ernst akarudi, akalinunua tena shamba la baba yake, akakuta kahawa imekuwa msitu. Hapo wakazaliwa wawili: Hanna, na baada ya miaka saba, Karl. Vita vya pili vikaja, Ernst akatiwa kambini, mke na watoto wakapakiwa melini. Karl alipokua hakuiweza Ujerumani. Akavuka bahari akaenda Paraguay kulima tena, akajaza upande wa kulia wa karatasi watoto na wajukuu kumi na tisa. Kila mmoja pale ukutani ana majina matatu, ana alipozaliwa, na waliokufa wana walipozikwa. Watu wa ardhi wale. Annegret ndiye wa kwanza kutolima, na nadhani ndiyo maana alikuwa akichimba karatasi.

Saa kumi jioni ilikuwa saa ya kahawa, na haikuwa na mchezo. Nilimvika Bibi kitambaa kifuani, nikamkatia keki ya zabibu vipande vidogo, Annegret akaweka simu yake mezani irekodi, akauliza kwa Kiingereza, mimi nikamuuliza Bibi kwa Kiswahili, Bibi akajibu alipotaka. Alikuwa na Kiswahili cha namna mbili. Kimoja kilikuwa cha mtoto wa kudekezwa: "Nifunge viatu, nibebe, niimbie ile ya sungura." Kingine kilikuwa cha mwenye shamba mdogo, cha amri alizozisikia kwa wakubwa: "Lete maji moto, upesi! Nani kaacha geti wazi?" Vyote viwili aliniambia mimi, na vyote viwili aliniita Mwanaidi. Mwanzoni nilimsahihisha, "Mimi Damaris, Bibi." Akanitazama kama mtu anayedanganywa mchana kweupe. Nikaacha. Jina nikalivaa, na kusema kweli baada ya muda lilinikaa vizuri kuliko nilivyopenda.

Kila siku, keki ikiwa nusu, aliinua kidole. "Mwanaidi, mtoto analia." Tulisikiliza sote watatu. Kulikuwa na kiyoyozi tu, na ndege zikishuka kwenda uwanjani, moja baada ya moja, maana pale huwa hazikatiki. "Ni Karl huyo," Annegret alisema akitabasamu. "Anamsikia mdogo wake." Nami nilidhani hivyo. Lakini Bibi alipokuwa bafuni nikimpaka mafuta miguu, au nikimchana nywele zile chache, aliniambia mambo mengine, vipande vipande, na kwa miezi kadhaa nikaviunganisha. Mama yake alikaukiwa na maziwa baada ya kumzaa Karl. Mwanaidi alikuwa amejifungua mwezi ule ule, mtoto wa kiume. Wakamwita nyumba kubwa anyonyeshe. Mtoto wake akaachwa kwa bibi yake kwenye nyumba za wafanyakazi, nyuma ya uwanja wa kuanikia kahawa, akipewa uji. Siku upepo ukivuma kutoka upande ule, akilia alisikika mpaka barazani. "Titi linamwagika lenyewe," Bibi Hanna aliniambia siku moja, macho kwenye kifua changu. "Gauni linalowa. Mama anasema kabadilishe."

Sasa sikia nilichofanya. Jioni ile Annegret aliniuliza, kalamu tayari, "Leo amekwambia nini kuhusu yaya wake?" Kwetu mtu hamtajii mwenzake ubaya wa wazazi wake mbele ya macho yake, tena mama mwenyewe ameketi pale ana keki mdomoni. Nikatafuta maneno yenye staha. Nikasema, "Anasema Mwanaidi alimwacha mtoto wake ili amnyonyeshe Karl. Aliwapenda nyinyi kuliko watoto wake." Annegret akaweka kalamu chini, macho yakamjaa machozi, akanishika mkono. Halafu akaniandalia mimi kahawa, kwa mara ya kwanza, kwenye kikombe chenye ua. Basi nikaendelea. Kila kilichokuwa kichungu nilikitia sukari nikampa. Nilijiita mtu wa staha. Nilikuwa mwoga tu, na kikombe chenye ua kilinipendeza.

Ijumaa asubuhi nilikuwa na mapumziko, nikaja hapa hapa Najma kwa Zuhura. Zuhura ni wa Kwale, alikuwa akifanya usafi hotelini wakati ule, na akisukuma chapati mdomo haupumziki. Nikamsimulia. Hakucheka kama nilivyotarajia. Akaweka mti wa chapati chini. "Huyo mtoto alinyonya titi moja na huyo Karl?" Nikasema ndiyo, kabla hajanyang'anywa. "Basi ni ndugu. Kwetu Waislamu ndugu wa kunyonya ni ndugu, Dama, hata kuoana ni haramu. Hapo ukutani kwao yuko?" Nikasema hayuko. "Haki ya Mungu! Watu kumi na tisa wametoka kwenye maziwa yake, na yeye hata jina hana? Mwambie huyo Madam wako." Nikamwambia mambo ya wazungu si rahisi hivyo. Akanitazama. "Ya wazungu ama yako?" Nikala chapati yangu, nikarudi kazini.

Mimi mwenyewe nilikuwa na mtoto. Pendo alikuwa na miaka mitano, nimemwacha Taveta kwa mama yangu, na simu yangu wakati wa kazi ilikaa kwenye droo ya jikoni, ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Nilimpigia jioni kabla hajalala. Mara ya mwisho tuliyozungumza vizuri nilimgombeza kwa kula udongo. Nilimwambia minyoo itamtoka puani, akacheka, akaniuliza, "Na wewe ulikula udongo?" nikakana, na ni uongo.

Mwezi wa nane wageni wakaja. Bibi alikuwa anatimiza miaka themanini na miwili Jumamosi, na watoto wa Karl na wajukuu wake sita walikuwa wametoka Paraguay, watu wanene, wachangamfu, wenye shingo nyekundu, wakiongea Kijerumani kilichochanganyika na Kihispania na kupiga picha ile karatasi ya ukutani. Kila mmoja alitafuta jina lake akaweka kidole. Nilipika nikaosha vyombo, nikasikia wakicheka usingizini mwangu. Karl alishakufa, lakini mwanawe mkubwa alikuwa na sura yake ya pichani kabisa, na Bibi alipomwona mara ya kwanza alinivuta sikio akaninong'oneza, "Huyu ameshiba."

Jumanne asubuhi, saa nne, nilikuwa chumbani namvalisha Bibi soksi. Ukumbini walikuwa wanacheka, vikombe vinagongana. Bibi akageuza kichwa akasikiliza kile kicheko, kisha akanishika kifundo cha mkono. Sikujua kama vidole vile vilikuwa na nguvu hiyo. "Mwanaidi," akasema, sauti ya mtoto anayeogopa kusikika, "mtoto wako anaumwa. Bibi yake alikuja mlango wa nyuma. Mama amesema nisikuambie mpaka wageni waondoke. Lakini mimi nakuambia. Nenda." Nikapiga magoti pale pale kwenye zulia. "Wageni waliondoka lini, Bibi?" "Siku ya tatu." "Ukamwambia?" Akatikisa kichwa kukataa. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila uso kubadilika. "Na mtoto?" nikauliza. Akafikiri sana. "Hakulia tena," akasema. Kisha akanisukuma bega, kwa nguvu, mara mbili. "Nenda. Nenda, we!"

Alikuwa na miaka saba mama yake alipomkataza. Ameubeba ujumbe ule tangu mlimani, akapita nao melini, akaolewa nao, akazaa nao, akasahau mume na lugha na jina la binti yake, ujumbe akabaki nao. Na siku alipopata ujasiri wa kuufikisha, akamfikishia mtu mwingine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia pale kwenye zulia, kwamba huu ujumbe si wangu. Miguu yangu haikukubali. Ilinipeleka jikoni, nikafungua ile droo asubuhi ile ile, nikampigia mama.

"Hatujambo, sote wazima," mama akasema, haraka. "Huko je?" Nikamwambia nataka kuongea na Pendo. "Ameenda shule." Nikasema, "Mama, ni likizo. Shule zimefungwa." Nikasikia nyuma yake mwanamke akiita jina la mtu wa kitanda namba fulani. Wote mliowahi kuishi mbali mnaijua hiyo. Nyumbani wanaweza kuzika mtu, na wewe uliye ugenini unaambiwa wote wazima, kwa mapenzi, usije ukaanguka kwa mshtuko katika nchi ya watu. "Hatukutaka kukusumbua," mama akasema, akaanza kulia. Siku ya nne hospitalini. Homa ya uti wa mgongo.

Annegret alikuwa kwenye meza ya jikoni akikata matunda. Hakuwa mtu mbaya, na nataka ieleweke hivyo. Nilipomwambia aliweka kisu chini akanikumbatia, akauliza kama kuna madaktari, kama kuna dawa, akasema nauli atalipa yeye. Wakati ule mtu hakutoka nchi hii bila karatasi ya aliyemwajiri, akasema ataisaini. "Lakini Damaris, Mama hali kwa mkono wa mtu mwingine. Jumamosi ni sikukuu yake ya mwisho, sote tunajua. Wametoka mbali mno. Mtoto yuko salama hospitalini, si ndiyo? Nipe siku sita tu. Mpaka wageni waondoke." Kwa Kiingereza alisema, lakini sikioni mwangu yaliingia kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtoto wa miaka saba. Jibu lilikuwa mdomoni. Ningemwambia, Madam, bibi yako mzaa mama alisema maneno hayo hayo. Lakini angejuaje? Mwaka mzima nilikuwa nimemlisha sukari. Kitabuni mwake Mwanaidi alikuwa mwanamke mwenye furaha, na mtoto wa Mwanaidi hakuwa na kilio wala kifo. Nikitoa hadithi ile pale jikoni, dakika ile ninapotaka ruhusa, ni nani asingesema nimeitunga? Nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe, nikameza ufunguo. "Sawa, Madam," nikasema.

Siku zile nne nilikuwa nikimlisha Bibi, namsikia Pendo akilia kwenye kiyoyozi, kwenye bomba la maji, kwenye lifti. Nilipiga simu kila saa na hakuna aliyenikataza tena. Mama aliweka simu sikioni mwa mtoto, nikamwambia naja, nakuja mama, lakini hakujibu. Jumamosi wakapanga viti, wakawasha mishumaa kwenye keki saa kumi ile ile. Mtoto mkubwa wa Karl akasimama na glasi, akamshukuru mwanamke mwema aliyempa baba yake maziwa, akasema bila yeye chumba hiki kingekuwa kitupu. Wakaniomba nami, kwa kuwa nilikuwa sauti ya Bibi, niseme neno kuhusu Mwanaidi kwa Kiswahili, halafu nitafsiri. Nikasimama na aproni yangu. Nikasema, "Aliwapenda kuliko watoto wake." Wakapiga makofi. Bibi Hanna hakupiga. Alikuwa ananitazama kutoka ng'ambo ya mishumaa, na makofi yalipoisha akauliza kwa sauti, mbele ya watu wote, "Hujaenda?"

Annegret akaniinamia, anatabasamu, "Anasema nini?"

"Anasema keki ni tamu," nikajibu.

Nilifika Taveta Jumanne iliyofuata. Pendo alikuwa ameketi kitandani, amepona, amekonda, anachezea kamba ya neti. Nilimwita kutoka mlangoni. Nikamwita tena. Mama yangu akaweka mkono mdomoni. Mtoto aligeuka tu nilipofika nikaziba mwanga wa dirisha, na akafurahi mno, akafungua mdomo akaniambia mambo mengi kwa sauti kubwa, na mimi nikamjibu, akawa anatazama midomo yangu kwa subira, akingoja ianze kutoa sauti. Daktari alisema hata ningekuwepo pengine ingekuwa vivyo hivyo. Sijakataa. Lakini kwa siku tatu au nne za mwanzo, mama aliniambia, alikuwa bado anasikia, na alikuwa akiniita. Baadaye, nilipojifunza lugha ya ishara pamoja naye, aliponiuliza kwa vidole vyake vidogo kwa nini sikuja upesi, nilimwambia hakukuwa na ndege. Akalikubali. Mtoto wa miaka sita atakujuaje Doha.

Bibi Hanna alifariki nikiwa nyumbani, wiki ya pili. Sikumzika. Nilirudi huku baadaye kwa mwajiri mwingine, kwa sababu ya shule ya viziwi, na miaka ikaenda. Annegret alihama. Kitabu alinitumia kwa posta, na sikuwahi kukifungua kupita ukurasa wenye lile neno langu.

Sasa karatasi ilikuwa mkononi mwangu, na yeye anangoja kwenye kitanda cha Zuhura, miwani imemshuka puani. "Kuna kosa?" akauliza. Ningeweza kusema hapana. Angepanda ndege, fundi angechonga, na jiwe lingekaa pale mlimani likisema uongo wangu mvua na jua, hata baada ya sisi sote kufa. Nikasema, "Kosa ni langu. Nisikilize mpaka mwisho, usinikatize." Nikamweleza yote. Uji. Gauni lililolowa. Bibi aliyekuja mlango wa nyuma, mtoto wa kike wa miaka saba aliyekatazwa kusema, siku tatu za wageni. Nilimpa kwa maneno ya mama yake mwenyewe, sikupunguza wala kuongeza. Hakuuliza kama nimeitunga. Nilipofika kwenye meza ya jikoni na matunda nilisita, naye akainua uso. "Mimi nilikwambia hivyo? Mpaka wageni waondoke?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua tangu asubuhi ile."

Aliitazama mikono yake. Halafu akaniuliza jina la mtoto. Nikamwambia Bibi hakulijua, alimwita mtoto wa Mwanaidi tu. Hilo ndilo lililomvunja, nadhani, yeye aliyetafuta miaka yote ile majina ya pili na ya tatu ya kila mtu. Alilia kwa sauti ya kukwaruza, na mimi nilimwacha alie, sikumpa sukari. Kisha akayakata yale maneno ya karatasi kwa mistari miwili, akanipa kalamu. Niliandika nilivyoona ni haki, kwa herufi kubwa kama zake: MTOTO WA MWANAIDI. NDUGU WA KUNYONYA WA KARL. ALILIA, TULIMSIKIA. Nikamwambia maana ya kila neno. Nilipomweleza ndugu wa kunyonya ni nini, alisema atamchora pia ukutani, kando ya Karl, kabla ya kitu kingine chochote.

"Na mtoto wako?" akauliza. "Nimwambie nini yeye?"

"Wangu yu hai. Mwambie mwenyewe."

Pendo ana miaka kumi na minane sasa, anashona nguo kwenye duka moja pale Voi. Alipokea simu ya video akiwa na futi shingoni. Akamwona Annegret, akauliza kwa mikono, mzungu huyu ni nani? Annegret akaongea, polepole, akaomba radhi kwa siku zile sita, na mimi nikatafsiri. Mikono yangu ilisema kila kitu, jikoni, karatasi ya ruhusa, wageni, keki. Pendo hakumtazama Annegret hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi. Alipoanza kujibu alikwenda taratibu, kama anavyowaongelesha wateja wasiojua ishara.

Uliniambia hakukuwa na ndege.

Nilikwambia.

Zilikuwepo?

Dirishani kwangu ilikuwa inapita moja, chini, magurudumu yameshatoka. Zilikuwepo, nikamjibu. Kila siku.

Akaiweka simu mezani, uso juu. Hakuikata. Pendo asipotaka kuongea hufanya hivyo, anakuachia dari. Tulibaki tukiyatazama mabati ya dukani na balbu moja, na mara nyingine kivuli chake kikipita. Annegret akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria, neno kwa neno. Muda wake wa kwenda uwanjani ulikuwa umefika, lakini hakuinuka. Akasogea kunipisha, nikaketi kando yake kitandani, simu katikati yetu, tukasubiri.